Mwaka wa Waya Mbaya

Kwenye mazishi ya Mhandisi Kaijage, nyumbani kwake Kanoni, mwanawe wa kwanza alisimama akasoma wasifu wa marehemu kwa sauti nzuri. Alipofika miaka ya tisini akasema, "Baba alileta kompyuta hospitalini," watu wakatikisa vichwa, naye akaendelea na nyumba alizojenga baba yake na watoto aliowasomesha. Sentensi moja tu, jamani! Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na akina mama, sahani ya ndizi na maharage mapajani, nikahisi damu inanipanda kichwani. Matayo, ambaye tulifanya naye kazi kwa Kaijage na ambaye sasa kichwa chake kimebaki kipara kitupu, alinitazama kutoka upande wa wanaume, akanitikisia kidole maana yake usianze, dada Adve. Ananijua. Sikuanza. Lakini nimerudi nyumbani na hasira yangu, na kwa kuwa kijana yule hakusema, nitasema mimi. Umri wangu sasa unaniruhusu kusema mpaka nimalize.

Ilikuwa mwaka uliofuata ule ambao watu wa Rwanda walivuka mto kwa wingi, makambi yakajaa Karagwe. Hospitali iliyokuwa imeniajiri kama fundi wa kompyuta, hospitali ya kanisa, ilitupa ghala la zamani la kahawa liwe ofisi. Lilikuwa na bati lisilo na dari, dirisha moja lenye wavu, na harufu ya maganda ya kahawa isiyotoka hata tukipiga deki kila siku. Pembeni kulikuwa na redio koli, ile ya kuita vituo vya mbali, na ilikuwa haizimwi. Mchana kutwa tulisikia sauti za watu wa misaada: huyu lori lake limekwama, yule anaomba mahema, mwingine anapiga kelele kwa Kifaransa, na katikati yao, kwa mbali kama mtu aliyefungiwa chooni, nesi wa kituo fulani anajaribu kusema ana mgonjwa. Mara nyingi hatukumsikia vizuri. Mara nyingine tulimsikia vibaya, gari likaenda kusiko. Ndiyo maana Kaijage aliletwa. Kazi yake ilikuwa kuunganisha kompyuta na redio ile, ili nesi aandike maneno, kompyuta iyarushe hewani, na kompyuta yetu iyapokee na kuyaonyesha kwenye kioo, hata kama watu kumi wanapiga kelele. Kituo cha kwanza kingekuwa Kimuli, ambayo siku hizi iko wilaya ya Kyerwa, lakini wakati ule sote tulikuwa Karagwe.

Kaijage alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye shati la mikono mirefu hata kwenye jua, na hesabu zake alizipenda kuliko chakula. Kabla hatujafungua hata boksi moja, alikuwa ameshaandika programu ya kupima mambo yote. Aliiita simulesheni. Kwenye kioo ulikuwa ukiona viduara: hiki hospitali, hiki Kimuli, hiki Rugu. Kati yao mistari. Unaiambia kompyuta hewa ni nzuri au mbaya kiasi gani, vituo vingapi vinaandika kwa pamoja, kisha inakimbiza namba, na kwa muda wa kunywa kikombe cha chai inakupa majibu ya mwezi mzima. Hakukuwa na redio ndani yake, hakukuwa na waya, hakukuwa na mtu. Kila kitu kilikuwa cha kuchora. Naye alikuwa akikaa mbele ya viduara vile anatabasamu, anatuita, "Binti, Matayo, njooni muone. Hata mvua ikinyesha, ujumbe wa Kimuli unafika. Unachelewa, lakini unafika." Tulikwenda kuona. Ulikuwa unafika kweli, kwenye kioo.

Mimi sikulala vizuri tangu siku ile, na sababu yake ilikuwa dada yangu Koku. Koku alikuwa ameolewa Kimuli, na alikuwa na mimba yake ya pili. Ya kwanza alipasuliwa, na daktari mkuu wetu, mzee ambaye sote tulimwita Dokta tu, alimwambia wazi kwamba ya pili asithubutu kuzalia mbali na hospitali, kovu linaweza kuachia. Tulipokwenda Kimuli kupima mahali pa kuweka antena, nilimkuta kwenye kibanja chake anapanda maharage katikati ya migomba, tumbo limemtangulia. Nikamwambia, "Dada, njoo ukae kwangu usubiri siku zako. Chumba kipo." Akaninyooshea jembe kama ananipa nishike. "Halafu haya atapanda nani? Wewe na kalamu yako?" Nikasema maharage si kitu, akacheka kicheko kile chake cha puani. "Nitakuja mwezi ukifika. Na uchungu ukiniwahi, si yule mhandisi wenu ametuambia juzi kwenye mkutano kwamba mashine inafika hospitali kabla mtu hajamaliza kulia? Basi nitalia, gari litakuja." Alikuwa anatania, lakini nusu tu. Na mimi nilijua jambo ambalo yeye hakulijua: siku ambayo mashine ingeanza kazi, ile redio koli ya Kimuli ingeng'olewa ipelekwe kambini, kwa maana redio hazikutosha. Kimuli ingebaki na kompyuta na kirushio chake kidogo cha maandishi, kisichopitisha sauti. Ikigoma, kutoka pale mpaka hospitali kulikuwa na milima, tope na Mungu.

Basi nilirudi ghalani nikaanza kumsumbua Kaijage. Mdomo wangu tangu zamani haukai. Nikamwambia, "Mzee, viduara havizai. Tujaribu programu yenyewe, ile nesi atakayoishika." Akaniuliza kwa upole nataka kujaribia wapi, kwa sababu redio ya Kimuli ilikuwa inatumika kwa sauti mchana kutwa, na hata tungeipata, hewa haipokei amri, huwezi kuiambia leo uwe mbaya nikupime. Hapo ndipo Matayo alipoingilia. Matayo alikuwa fundi wa redio, wazazi wake walitoka Burundi wakalima Rugu, na hasemi mpaka aulizwe, lakini siku ile alisema. Alisema tuweke kompyuta mbili za kweli humu humu ndani, moja iwe Kimuli na moja hospitali, kila moja na programu yake ya kweli, kisha katikati ya waya tuweke ya tatu, ile mbovu ya stoo, ifanye kazi ya kuwa hewa. Ipokee maneno, iyashikilie, mengine iyatupe, mengine iyakwaruze, kama hewa ya Kimuli inavyofanya. Kaijage akavua miwani. "Hiyo ni emulesheni," akasema. "Inakula muda. Siku moja ya kweli inapimwa kwa siku moja ya kweli. Yangu inakupa mwezi kwa kikombe cha chai." Nikamjibu, "Koku naye atazaa kwa siku ya kweli." Matayo akatazama chini. Kaijage akavaa tena miwani, akasema haya, jengeni, lakini tarehe ya kung'oa redio haisogei, si mimi niliyeipanga.

Tukajenga. Wale wanaonisoma leo na simu mkononi hawatajua ilivyokuwa raha na mateso. Kwa siku nyingi Matayo alikaa na redio amevaa visikilizio, anasikiliza hewa ya asubuhi, ya mchana, ya mvua ikikaribia, anaandika inavyokatika, halafu tunaifundisha ile kompyuta mbovu ikatike vilevile. Ule mtambo tuliuita waya mbaya. Mchana mama mmoja wa jikoni alituletea bitoke, ndizi zetu za kupika, kwenye sufuria iliyofunikwa majani ya migomba, tukala tumeizunguka meza huku waya mbaya unaendelea kuharibu maneno yetu, na Kaijage anatutania kwamba tumeunganisha vitu vizima ili tuvivunje. Alikuwa na haki ya kututania. Waya wetu ulipima kituo kimoja kwa siku nzima. Viduara vyake vilikuwa vimeshapima wilaya yote na kumwonyesha kwamba antena ya Rugu ni lazima igeuzwe, jambo ambalo sisi tusingeligundua mpaka uzee. Na isitoshe, waya mbaya ulimuunga mkono. Nilikaa upande wa Kimuli, Matayo upande wa hospitali, tukaandika ujumbe hata kwenye hewa mbaya kabisa. "Mama, uchungu, gari." Unachelewa, unarudiwa, unafika. Kila mara unafika. Kaijage alisema, "Umeridhika, binti?" Nikasema nimeridhika. Nilidanganya. Bado nilikuwa na mashaka, ila sikuwa na sababu ya kumpa.

Sababu ililetwa na Nesi Yustina. Huyu ndiye aliyekuwa mkunga wa Kimuli, mama wa makamo, mnene kidogo, mwenye gauni jeupe lililopigwa pasi hata kama amesafiri kwenye lori la kahawa. Alikuja hospitali kuchukua chanjo, na kwa kuwa yeye ndiye angeitumia mashine, Kaijage akamkalisha kwenye kompyuta ya Kimuli ajifunze. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Alikuwa amesomea taipu zamani. Kaijage akamwambia, "Nesi, tuigize. Una mama anatoka damu, unataka gari. Fanya kama ungefanya siku zote." Matayo akawasha waya mbaya kwenye hewa ya mchana wa mvua. Mimi nilikuwa upande wa pili wa pazia, hospitali, naigiza Dokta. Tukangoja. Baada ya muda mrefu kioo changu kikaandika: Shikamoo Dokta. Basi. Nikachungulia pazia, nikamwona Yustina amekunja mikono mapajani, ametulia, anatazama kioo chake. Nikarudi nikaandika Marahaba, masikio yananiwaka moto, maana mama yule angeweza kunizaa, na hata kwa kuigiza ilikuwa aibu. Jibu langu likapotea njiani, waya ukalirudia, likapotea tena. Yustina kimya. Akarekebisha kitambaa cha kichwa. Likafika. Akaandika, polepole na kwa adabu: Habari za hapo Dokta, wagonjwa wanaendeleaje. Akakunja mikono tena.

Sikuweza kuvumilia. Nilitoka nyuma ya pazia nikapiga kelele, "Nesi, mama anakufa!" Akanigeukia bila haraka. "Najua, mwanangu. Lakini Dokta hajanijibu." Nikasema, "Si useme tu unachotaka!" Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama nimemwambia avue nguo. "Nimvamie mtu mzima na shida zangu hata hatujasalimiana? Nyumbani kwenu mnafanya hivyo?" Na kilichonimaliza nguvu ni kwamba nyumbani kwetu hatufanyi hivyo. Hakuna nyumba ya Karagwe inayofanya hivyo. Mtu anakuja mbio kusema kibanja kinaungua, bado ataanza na salamu, na utamwitikia, na atakuuliza watoto, ndipo aseme. Kwenye redio koli salamu zote hizo zilipita kwa pumzi mbili tatu na hakuna aliyeziona. Kwenye mashine, kila salamu ilikuwa safari nzima ya kwenda na kurudi kwenye hewa ile ya mvua. Tuliendelea na jaribio mpaka Yustina akafika kwenye neno damu. Mama wa jikoni alikuwa ameshaleta sufuria, ameshaichukua, na bitoke hatukuvigusa. Mimi nilikuwa simwoni yule mama wa kuigiza. Nilikuwa namwona Koku amelala kwenye kitanda cha Kimuli, na Yustina pembeni amekunja mikono anangoja marahaba.

Kaijage aliinuka. Alikwenda kwenye kompyuta yake akatazama viduara vyake, na namkumbuka mgongo wake ule, umeinama. "Niliiuliza ujumbe unafika baada ya muda gani," akasema. "Haikuwa na kosa. Kila ujumbe kwangu ulikuwa unakwenda peke yake, haungoji mwenzake." Halafu akatugeukia mimi na Matayo. "Na ninyi mliandika kama mafundi." Hilo nalo lilikuwa kweli tupu. Tulikuwa na programu ya kweli, kompyuta za kweli, hewa iliyofanana na ya kweli, lakini tukakaa sisi wenyewe kwenye kiti cha nesi. Miaka yote niliyofanya kazi baada ya hapo, kwenye ofisi zenye viyoyozi, nimewasikia vijana wakibishana ipi ni bora kati ya kuchora mtandao na kuutesa kwenye waya, na kila mmoja ana hoja zake nzuri. Nawasikiliza, halafu nauliza kwenye kiti atakaa nani. Wananiona bibi mkorofi. Lakini siku ile sikuwa na falsafa yoyote, nilikuwa na hofu tu, maana redio ya Kimuli ilikuwa inang'olewa wiki inayofuata.

Kaijage akaongeza kitufe cha dharura: unabonyeza, kengele inalia hospitali, huna haja ya kuandika. Yustina alipokionyeshwa akakibetulia mdomo. "Nimbonyezee Dokta kengele kama namwita mbwa?" Tukamwomba ajaribu hivyo hivyo. Akajaribu, na mahali palipoandikwa jina la mgonjwa akaandika Shikamoo, akangoja. Matayo alicheka mpaka akatoka nje. Mimi nilitaka kulia. Kaijage akasema tumwandikie sheria, salamu ni marufuku kwenye mashine, na hapo Yustina akasimama, akachukua mkoba wake wa chanjo. Akasema, "Mheshimiwa, mnaweza kuandika. Lakini mikono ni yangu, na mimi sikuzaliwa porini." Alisema bila hasira, ndiyo maana tulijua hatabadilika. Ni yeye mwenyewe aliyetutoa kwenye mkwamo huo, akiwa ameshafika mlangoni. Alituuliza kwa nini tunahangaika hivyo wakati mtu ukishamwamkia asubuhi huna haja ya kumwamkia tena mchana. Tukatazamana. Asubuhi hewa ilikuwa nzuri, hata waya mbaya ulikubali. Kwa hiyo tukapatana: kila asubuhi mapema Yustina ataandika shikamoo yake na habari zake zote, Dokta ataitikia kwa mkono wake mwenyewe kabla hajaenda wodini, na siku yote inayobaki salamu imeshalipwa, wanaongea shida tu. Tulipima hivyo kwenye waya mbaya, hewa ya asubuhi kisha ya mvua, Yustina mwenyewe kwenye kiti. Akaandika: Mama anatoka damu naomba gari. Likafika. Nikamkumbatia, akanisukuma kwa sababu nilikuwa namkunja gauni.

Redio ikang'olewa. Asubuhi zangu zikawa za kungoja salamu ya mtu mwingine. Nilifika ghalani kabla ya Kaijage, nawasha kompyuta, nasimama. Ikija, Shikamoo Dokta, hapa hatujambo, nilikuwa napumua. Dokta alikuja na koti lake jeupe, akaketi, akapapasa herufi kwa kidole kimoja: Marahaba Yustina. Mimi nilikuwa nimepewa ruhusa ya kuongeza mstari mmoja chini yake, na kila siku niliandika hilohilo, Koku aje. Kila siku jibu hilohilo: anasema bado. Mara alikuwa anavuna maharage, mara mvua imeharibu njia, mara ana wageni wamekuja na senene wa kukaanga. Nilimtukana dada yangu kwa Kinyambo peke yangu mle ghalani mpaka Matayo akaniambia niende nje nitukanie kwenye kahawa. Mume wake alikuwa ameahidi kumleta Jumatatu. Niliogopa siku zilizobaki mpaka Jumatatu kama nilivyokuwa naogopa mtihani nikiwa shule, ile hofu ya kwenda haja kila mara.

Usiku wa kuamkia Jumamosi radi zilipiga mpaka bati likatetemeka, na asubuhi hapakuja salamu. Dokta akaja, akatazama kioo kitupu, akauliza, "Yustina hajaamka leo?" Nikamwambia ni hewa. Akarudi tena baadaye, bado. Mvua ikaanza upya. Kaijage alifungua viduara vyake, akaingiza hewa ya siku ile, vikamwambia utafika, unachelewa lakini utafika, na safari hii hakutuita kuona. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu ndani yangu mambo yatakavyokwenda Koku akishikwa leo. Salamu ya asubuhi haikufika. Yustina hajaitikiwa. Ataanza upya: shikamoo, angoje, habari za hapo, angoje, wagonjwa, angoje. Nilimwambia Matayo, akaniambia nile. Sikula. Mchana ulikuwa umeshapita, bati linapiga kelele kiasi kwamba hatusikiani, nilipoona kioo kinaanza kuandika. Nilijiandaa kusoma neno shikamoo. Kikaandika: KOKU DAMU GARI.

Sikumbuki nilivyofika kwa Dokta. Nakumbuka nimemshika koti, nakumbuka nasema, "Yustina ameandika, Yustina hakusalimu," nasema hilo kwanza badala ya kusema Koku, na yeye akainuka pale pale bila kuuliza swali, akamwita dereva kwa sauti ambayo sikujua anayo. Gari likaondoka na Matayo ndani yake na majembe ya kuchimbia tope. Mimi waliniacha, walisema nitawachanganya. Nilirudi kwenye kioo nikaandika, Gari limeondoka, Koku vipi? Nikangoja. Nikaandika tena. Hakikuja kitu. Kaijage alivuta kiti akakaa karibu yangu, akafunga kompyuta yake ya viduara. Alinishika mkono tu. Nilimpenda sana siku ile, nalisema leo kwa kuwa mwanawe hakulisema. Jua lilikuwa linataka kuzama gari liliporudi, limefunikwa tope mpaka vioo. Yustina aliruka wa kwanza, gauni lake jeupe halitamaniki, kitambaa cha kichwa hakipo. Dokta alikuwa amesimama kwenye baraza amevaa mabuti. Na mama yule, damu ya dada yangu mpaka kwenye viwiko, alipiga goti kidogo pale kwenye tope akasema, "Shikamoo Dokta. Unisamehe." Dokta akasema, "Marahaba mwanangu, mlete ndani," wakamshusha Koku kwenye godoro, uso wake una rangi ya majivu, na mlango ukafungwa.

Mtoto alikuwa wa kike na alikuwa mzima. Koku naye aliishi, ila kizazi kilikuwa kimeshapasuka na Dokta alikitoa. Jumapili mchana, watu walipokuwa kanisani, waliniruhusu kuingia. Nilikuwa nimebeba uji, nikakaa kitandani, nikamweleza yote kwa Kinyambo kwa kuwa Kiswahili hakitoshi kwa maneno hayo: kwamba hatazaa tena. Alinisikiliza macho yake yako kwenye dirisha, mtoto kifuani. Hakulia. Alisema, "Mmoja wa kike, mmoja wa kiume. Wanatosha," kwa sauti ya mtu anayehesabu mikungu ya ndizi, na akanitania kwamba nimekonda kuliko yeye aliyepasuliwa. Nikamnywesha uji. Nikampangusa mdomo. Halafu akaniuliza kuhusu mashine yetu, kama kweli Yustina aliandika kwenye ile kompyuta au walituma mtu kwa baiskeli, maana yeye hakukumbuka kitu baada ya kufika kituoni. Nikamwambia aliandika.

"Aliandikaje?"

"Aliandika Koku damu gari."

Akangoja niendelee. Halafu akageuza kichwa akanitazama vizuri.

"Na kabla ya hapo?"

"Hakuna. Ni hayo tu."

"Yustina? Hakusalimu?"

"Hakusalimu, dada."

Koku akamvuta mtoto akamficha uso shingoni mwake. "Mawe," akasema, ndiyo mama wee ya Kinyambo, na hapo ndipo alipolia. "Kumbe nilikuwa nakufa."